Mafuta Yaliyoelea: Kisa cha Vitamini A kwenye Maji ya Vifaranga, Ujiji

Kisa hiki ni cha mama mmoja wa Ujiji, Kigoma, anayefuga kuku chotara nyuma ya nyumba yake. Alikuwa na vifaranga 62 wa wiki tano. Chakula chao kilikuwa pumba za mahindi meupe na mashudu ya alizeti. Dagaa aliacha kuweka bei ilipopanda, na kwa kuwa kiangazi kilikuwa kimekolea, mchicha na majani mengine aliyozoea kuwakatia yalikuwa yamekauka. Vifaranga wakaanza kuvimba macho. Machozi yakatoka, yakawa mazito, kope zikagandana, na wawili wakafa ndani ya juma moja, wakabaki 60.

Afisa mifugo alimpasua mmoja wa waliokufa. Ndani ya umio akakuta vipele vyeupe vidogo vilivyotapakaa. Alifanya vizuri kupasua, maana macho yaliyovimba peke yake hayatoshi kumhukumu mtu wala kuku: mafua ya kuku na ndui nayo huvimbisha macho. Vipele vile, pamoja na chakula kisicho na kijani wala njano, vilimwelekeza kwenye upungufu wa vitamini A. Mahindi meupe karibu hayana kabisa karotini, ile rangi ya mmea ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ya njano ndiyo yenye nayo. Akashauri wapewe vitamini A mara mbili ya mahitaji ya kawaida kwa wiki mbili, na wapewe kwenye maji, kwa sababu kuku mgonjwa huacha kula kabla hajaacha kunywa.

Ushauri ulikuwa sahihi. Tatizo lilianzia dukani. Unga wa vitamini unaochanganyika na maji ulikuwa umekwisha katika duka la dawa za mifugo alilolizoea, naye akaingia duka la dawa za binadamu akanunua chupa ya mafuta ya ini la samaki. Lebo ilisema kila mililita ina yuniti 1,000 za vitamini A. Akamimina kwenye chombo cha maji. Mafuta yakaelea. Akakoroga, yakapotea kidogo, yakarudi juu. Siku ya tatu akakwangua sabuni ya mche, ile ya mawese, akaitia humo. Hapo ndipo aliponijia, chupa mkononi, maana mimi ni mfamasia na duka tunalokutania ni moja.

"Mwanangu, sabuni si ndiyo inakata mafuta?"

"Inakata, mama. Ila hebu nione hayo maji kwanza."

Maji yalikuwa na mabonge meupe yaliyoelea kama mtindi uliokatika, na ukingoni mwa chombo kulikuwa na utepe wa mafuta unaonata, umeshika vumbi na manyoya. Vifaranga walikuwa wanachovya mdomo, wanatikisa kichwa, wanaondoka.

Nianze na mafuta peke yake, kabla ya sabuni. Vitamini A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Ukikoroga mafuta kwa mkono unayapasua kuwa matone, lakini matone ya mkono ni makubwa, na tone kubwa hupanda haraka. Kasi ya kupanda hufuata mraba wa kipenyo: tone likipungua kipenyo mara 10, mwendo wake wa kupanda hupungua mara 100. Kwa hiyo kati ya matone yanayorudi juu kwa dakika chache na yale yanayokaa kutwa nzima, tofauti ni ukubwa tu. Mama alipokoroga asubuhi na kuondoka, kabla hajafika sokoni mafuta yalikuwa yameshajitenga.

Kifaranga hunywa kwa kuchovya mdomo pale juu. Aliyewahi kufika alipata mafuta mengi, waliofuata walipata kidogo, na waliokuja chombo kikiwa kimeshuka walipata maji matupu, kwa sababu mafuta yalikuwa yamebaki yamegandia ukutani. Watu wengi huuliza kama mafuta yameyeyuka au hayajayeyuka. Mimi naona swali linalopaswa kuulizwa ni jingine: kila kifaranga amepata kiasi gani? Vitamini A ikipungua huua na ikizidi hudhuru, kwani mwili huihifadhi kwenye ini wala hauitoi kwa mkojo kama vitamini C. Dawa iliyogawanyika vibaya ndani ya ndoo inaweza kumnyima mmoja na kumzidishia mwenzake, na hesabu ya jumla ikawa sahihi kabisa.

Sasa sabuni. Mama hakukosea kwa kufikiri. Sabuni ni safaktanti, yaani molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mikia inazama kwenye tone la mafuta, vichwa vinabaki nje vikitazama maji, na tone lililozungukwa hivyo haliungani tena na jirani yake. Kazi anayoifanya mtu anapoosha sahani yenye mawese ndiyo hiyo hiyo anayoihitaji mfamasia anapotaka kuiweka vitamini kwenye maji.

Lakini safaktanti si zote sawa, na maji si yote sawa. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9 na magnesiamu nyingi. Kichwa cha sabuni ya mche kina chaji hasi, na magnesiamu na kalsiamu zenye chaji chanya hukidaka, zikafanya chumvi isiyoyeyuka. Yale mabonge meupe ndiyo hayo: sabuni iliyokufa kabla haijagusa mafuta. Kila anayefua kwa maji ya ziwa anaujua utando huo kwenye beseni. Hata kama maji yangekuwa ya mvua, sabuni ingeishia njiani, kwa sababu ikifika kwenye asidi ya tumbo hugeuka kuwa asidi ya mafuta na kuacha kazi. Tena sabuni za kupikwa nyumbani mara nyingi hubaki na magadi makali ambayo hayakwisha, na hayo hayana nafasi kwenye koo la kifaranga mgonjwa. Nilimwomba ayamwage maji yale, asafishe vyombo kwa maji ya moto, awape maji safi matupu mpaka kesho yake.

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo nayo aliitaja. Hiyo haigandi sana na maji ya ziwa, lakini ina shida nyingine ambayo inafaa ielezwe kwa urefu, kwa sababu ndiyo moyo wa jambo hili. Kila safaktanti ina kiwango chake majini. Chini ya kiwango hicho molekuli hutembea moja moja. Juu yake hujikusanya makumi kwa makumi, mikia ndani, vichwa nje, zikafanya kijumba kidogo kiitwacho miseli. Ndani ya kijumba hicho mna mafuta ya kutosha kuhifadhi molekuli chache za vitamini, na nje kijumba chote kinakubalika na maji. Kwa sodiamu dodesili salfeti, ambayo ni ya ukoo wa sabuni nyingi za maji, kiwango hicho ni karibu gramu 2.3 kwa lita. Kwa polisobeti 80, ambayo hutumika kwenye vyakula na dawa za kunywa, ni karibu miligramu 15 kwa lita. Tofauti ni zaidi ya mara 150. Ili sabuni ya vyombo ijenge miseli, ungelazimika kuwanywesha vifaranga povu. Polisobeti 80 haina chaji yoyote kichwani, hivyo magnesiamu ya ziwa haina pa kuishika.

Basi mtu angesema: chukua mafuta ya mama, tia polisobeti 80, kazi imekwisha. Nilikaa na kalamu, na hesabu ikakataa.

Kifaranga wa chakula cha kawaida huhitaji yuniti 1,500 za vitamini A kwa kila kilo ya chakula. Kwa umri ule anakula karibu gramu 40 kwa siku, hivyo yuniti 60. Vifaranga 60 wanahitaji 3,600, na mara mbili yake kama alivyoshauri afisa ni 7,200 kwa siku. Kwenye chupa ile, hizo ni mililita 7.2 za mafuta. Yuniti moja ya vitamini A ni mikrogramu 0.3 za retinoli, yaani vitamini A yenyewe, kwa hiyo ndani ya mililita hizo 7.2 vitamini yenyewe ni miligramu 2 na kidogo. Mafuta yanayoibeba yanaizidi uzito kama mara 3,000. Safaktanti ingekuwa inahangaika kuyatawanya mafuta ya samaki, si vitamini. Na molekuli za mafuta yale ni minyororo mirefu, nzito kuingia kwenye miseli. Ili yatawanyike kwa mkono bila mashine, ungehitaji polisobeti kama mara mbili ya mafuta, yaani gramu 14. Igawe kwa vifaranga 60 wa gramu 350 kila mmoja: kila kilo ya uzito wa kuku inapata zaidi ya miligramu 600 kwa siku. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO iliweka kikomo cha polisobeti kwa binadamu kuwa miligramu 25 kwa kilo ya uzito kwa siku. Kuku si binadamu, lakini pengo la namna ile sikulikubali, hasa kwa vifaranga ambao tumbo lao tayari lilikuwa limechokozwa na sabuni.

Kwa hiyo mzigo wenyewe ulikuwa mafuta. Ukiondoa mafuta yanayobeba, unabaki na miligramu chache tu za kupandisha kwenye maji, na hizo safaktanti kidogo inazimudu. Nilitumia retinili palmiteti iliyokolea, ambayo ni vitamini A ya kutengenezea dawa, yenye yuniti milioni moja kwa gramu. Na hapa naomba anayesoma asiende kuijaribu jikoni. Gramu 0.2 tu za kitu hicho ni yuniti 200,000, ambayo ni dozi nzima anayopewa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano katika kampeni za Juni na Desemba. Mjamzito asiishike kabisa, kwa kuwa vitamini A nyingi hudhuru mimba. Inahitaji glavu na mizani inayosoma miligramu. Wala zile kapsuli za kampeni zisichepushwe kwenda bandani; ni za watoto.

Uwiano nao ulinifanya nifikiri mara mbili. Yuniti 7,200 za siku ni miligramu 7.2 za retinili palmiteti ile. Sehemu 10 za polisobeti kwa sehemu 1 yake zinatosha kabisa kuifanya dawa iwe angavu chupani. Lakini dawa haibaki chupani. Inakwenda kwenye lita 5 za maji, ambazo ndizo vifaranga 60 hunywa kwa siku wakinywa mara mbili ya uzito wa chakula chao. Kwa uwiano wa 10, polisobeti ikishachanganywa inakuwa miligramu 14 kwa lita, pale pale kwenye mpaka ambapo miseli huanza kuvunjika. Nikaenda 20. Ikawa miligramu 29 kwa lita, juu ya mpaka kwa mara mbili, na kila kifaranga anapata kama miligramu 7 kwa kilo ya uzito wake. Watengenezaji wengi wa dawa za nyumbani hupima uangavu wa chupa na kusahau ndoo. Ndoo ndiyo inayonywewa.

Utengenezaji ulikwenda hivi. Gramu 0.2 za vitamini na gramu 4 za polisobeti 80 ziliingia kwenye kikombe cha kioo, kikombe kikawekwa ndani ya sufuria ya maji ya uvuguvugu wa kama nyuzi 50. Nikakoroga kwa kijiti cha kioo mpaka vikawa kitu kimoja cha njano, kisicho na michirizi. Michirizi ikionekana bado, vitamini haijaingia, na hakuna maji yatakayoirekebisha baadaye. Kisha maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi joto lile lile, tone kwa tone. Mwanzoni hakuna kinachobadilika. Katikati ya safari mchanganyiko unakuwa mzito, unavutika, kijiti kinasimama, na mtu asiyejua hudhani umeharibika. Haujaharibika. Ni hatua ambapo maji yalikuwa ndani ya mafuta na sasa yanataka kuwa nje. Molekuli za safaktanti zinajipanga upya. Ukiendelea na matone, ghafla unalegea, unakuwa kimiminika chepesi, angavu, cha njano. Anayemimina maji yote kwa mkupuo anapata vipande vya gundi vinavyoelea kwenye maziwa, na vipande hivyo huchukua saa nyingi kuyeyuka, vikiyeyuka.

Ikawa gramu 20 za dawa, yuniti 10,000 kwa mililita. Ilikuwa angavu kwa sababu miseli zake ni za nanomita kama 10, wakati mawimbi ya mwanga tunaouona ni ya nanomita 400 hadi 700. Kitu kidogo kiasi hicho hakiutawanyi mwanga vya kutosha kuonekana cheupe. Emalsheni, yaani mafuta yaliyotawanywa majini kwa matone, ikiwa ya matone makubwa huwa nyeupe kama maziwa. Si lazima iwe mbaya, lakini itapanda juu siku moja.

Dozi ya siku ilikuwa mililita 0.72 kwenye lita 5, ikipimwa kwa bomba la mililita 1 lisilo na sindano. Mama akaitazama ndoo.

"Mbona ni maji tu?"

Swali zuri, na sikutaka aniamini kwa maneno tu. Vitamini A ikimulikwa kwa taa ya zambarau, kama ile wanayotumia wauza duka kukagua noti, hung'aa. Tukafunga mlango. Chupa moja ilikuwa na mafuta yake ya samaki yaliyotikiswa na maji kisha kuachwa. Tulipoimulika, kipande chembamba cha juu kiling'aa na chini kote kulikuwa giza. Chupa ya pili ilikuwa na dawa ya miseli, nimeiacha nzito zaidi kuliko ya ndoo ili ionekane, nayo imekaa kimya muda ule ule. Iling'aa kutoka kizibo hadi kitako. Kisha mng'ao ukaanza kufifia machoni petu, kwa sababu taa ile ile inayoionyesha ndiyo inayoiharibu. Hilo lilimfundisha jambo la pili bila mimi kusema sana: vyombo vya maji vikae kivulini, maji yabadilishwe asubuhi na alasiri, na dawa iliyobaki ikae kwenye chupa ya kahawia ndani ya friji. Kuiweka dawa ya klorini kwenye maji yale yale nako hapana, kwani klorini huoksidisha vitamini.

Kijana wake aliuliza kama dawa ikiwa safi namna ile haiwezi kupigwa sindano, ili wale walioziba macho wapone haraka. Hapana, na sababu yake ni nzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kule Marekani iliuzwa vitamini E ya kuingizwa kwenye mshipa, E-Ferol, iliyoyeyushwa kwa polisobeti 80 na polisobeti 20. Ilipewa watoto njiti. Ilipoondolewa sokoni mwaka 1984 ilikuwa imehusishwa na vifo vya watoto 38. Kinachopita salama mdomoni, ambako utumbo unakigawanya na kukichuja, si lazima kiwe salama kwenye damu. Tangu nilisome jambo hilo chuoni, sijawahi kuitazama polisobeti kama kitu kisicho na uzito.

Vifaranga waliokuwa bado wanaona walianza kuchangamka ndani ya siku chache. Wale ambao macho yalikuwa yameshajaa uchafu mgumu chini ya kope hawakupona wote. Wanne walikufa, na afisa mifugo alisema macho yakishafikia hatua ile vitamini haiwezi kurudisha kilichoharibika. Wiki mbili zilipoisha nilichukua chupa iliyobaki nikaiharibu, ili isije ikageuka kuwa dawa ya kila ugonjwa bandani.

Maji yalikuwa njia ya wagonjwa tu. Kwa waliopona na wanaokula, safaktanti ya dukani haihitajiki, kwa sababu kuku anayo yake: chumvi za nyongo hujenga miseli ndani ya utumbo, chakula chenye mafuta kikipita. Na mafuta yenye vitamini yapo Kigoma kwa madumu. Mawese mekundu yana karotini miligramu 500 hadi 700 kwa kilo, karibu nusu yake beta-karotini, na kwa kuku miligramu moja ya beta-karotini huhesabiwa kuwa yuniti 1,667 za vitamini A. Kwa makadirio ya chini, gramu 10 za mawese kwenye kilo moja ya chakula hutoa yuniti kama 4,000, zaidi ya mara mbili ya mahitaji. Yawe mekundu kweli. Mawese yaliyochomwa mpaka yakawa meupe yamepoteza karotini yake, hata kama kwa kukaangia ni mazuri.

Mama sasa anayeyusha gramu 250 za mawese kwa moto mdogo, anazichanganya kwanza na kilo mbili za pumba mpaka pumba zote ziwe na rangi moja, kisha anazitia kwenye chakula kilichobaki hadi kilo 25. Anachanganya cha wiki moja tu kwa mara, kwa kuwa mafuta yaliyotandazwa kwenye pumba huchacha upesi.